Muulize Fundi wa Droni: kuidaka hewani bila kuitua

SWALI: Habari za kazi fundi. Mimi nawapiga picha watalii kwenye mashua huku Nungwi, natumia droni ndogo ya DJI Mini. Kuirusha sio shida, shida ni kurudi. Mashua haina hata sehemu moja tambarare, ni tanga, kamba, watu wamejaa, na juzi juzi imebaki kidogo tu iingie majini. Naona kwenye video jamaa wanaidaka kwa mkono kama mchezo, ni kweli inawezekana au tunaingizwa mjini? – Msomaji, Unguja

JIBU: Inawezekana mdogo wangu, na kwa mashua yako hiyo kudaka ndo salama zaidi kuliko kulazimisha itue kwenye mbao. Ila elewa kwanza kwa nini inakusumbua. Droni ikitulia hewani inajishikilia kwa GPS, yaani imejifunga na dunia sio na chombo chako, wewe unasukumwa na mkondo na upepo yenyewe imebaki pale pale, halafu unasema droni inakimbia kumbe mashua ndo inaondoka. Droni haijui kama kuna mashua. Na ile kamera ya tumboni inayoisaidia kutulia ikiangalia maji yanayometameta na kusogea inachanganyikiwa, hata kitabu chake cha maelekezo kinaonya kuhusu kuruka juu ya maji.

Sasa la kwanza kabisa, kabla hata hatujafika kwenye mkono: ile sehemu ya kurudi. Ukiirusha kutoka kwenye chombo inakariri pale ulipoirushia, nusu saa baadae wewe umeshafika mbali, mawasiliano yakikatika inarudi kiaminifu kabisa kwenda kutua baharini. Kwa hiyo ingia kwenye setingi kila baada ya muda uibadilishe iwe pale rimoti ilipo, na usitegemee kitufe cha kurudi ukiwa baharini, irudishe kwa mkono. Betri usingoje ipige kelele. Ikifika chini kabisa inaanza kushuka yenyewe pale pale ilipo na haitakuuliza chini kuna nini, mimi nasema asilimia 40 iwe imeshageuza.

Kudaka kwenyewe wawe watu wawili, mmoja kwenye rimoti mmoja anadaka. Najua wapo wanaofanya peke yao, rimoti mkono huu droni mkono ule, waache wajisifu. Mwambie nahodha azime injini au apunguze kabisa, mkae tezi, yaani nyuma ya chombo, ambako hakuna mlingoti wala kamba juu, abiria wote waende omo, kule mbele. Droni iletwe upande ule upepo unakoelekea, ili mambo yakiharibika ipeperushwe mbali na nyie badala ya kuja usoni. Kamera iangalie nje, mgongo wa droni uwaelekee nyie, hapo kulia kwenye rimoti ni kulia kweli, maana ikiwaangalia kila kitu kinageuka na kwa presha hiyo utaisukuma kichwani kwa mtu.

Mdakaji ananyoosha mkono juu ya kichwa, glavu na miwani, anasimama hapo hapo. Asiifuate! Hapa ndo watu wanakatwa vidole, wanairukia kama golikipa, rubani nae anaisogeza kumfuata, wote wawili wanasahihisha kwa wakati mmoja na hakuna anayejua mwenzake anaenda wapi. Mmoja asimame, mmoja asogee, na anayesogea ni droni. Ishuke taratibu mpaka tumbo likae kiganjani, unashika kwa chini sio kwa ubavuni.

Kuna kitu kitakushangaza hapo, ukipeleka mkono chini yake inaweza kupanda juu kama imekuogopa. Ni sensa za chini zimeona kitu zikadhani ni kizuizi au ardhi isiyofaa. Modeli nyingine zina setingi ya ulinzi wa kutua unaweza kuizima kwa muda, nyingine zinakuchukulia mkono kama ardhi zinatulia vizuri tu, jaribu yako nchi kavu kwanza uwanjani mpaka uizoee. Ukishaishika, rubani anavuta kijiti cha kupanda na kushuka chini kabisa na kukishikilia kama sekunde 3 mpaka mapangaboi yasimame. Katika sekunde hizo usiipindue wala kuilaza. Yenyewe inajua tu kwamba imeinama, itaongeza nguvu upande mmoja kujinyoosha na utahisi inapigana na wewe, watu wengi wanashtuka wanaiachia. Ishike imenyooka, kaza mkono, subiri.

Haya yote ni kwa hizi ndogo, Mini nyingi ziko chini ya gramu 250. Usije ukasoma hapa ukaenda kudaka Matrice 300, ile ikiwa na mzigo inafika kilo 9 na mapanga yake sio ya kuchezea.

SWALI: Fundi mimi niko Kisumu, ndege za Zipline zinazopeleka dawa na damu nimeziona, haziteremki kwenye barabara ya kutulia, zinanaswa na kamba hewani. Kwa nini sisi wenye droni za kawaida tusifunge kamba kati ya nguzo mbili tukamaliza biashara? – Msomaji, Kisumu

JIBU: Swali zuri sana hili ila unalinganisha vitu viwili tofauti ndugu yangu. Zile za Zipline ulizoziona, ambazo zilianza Rwanda 2016 pale Muhanga, ni ndege za mabawa. Ndege ya mabawa haiwezi kusimama hewani, ikisimama inaanguka, kwa hiyo inakuja na kasi yake yote na kazi ya kuisimamisha lazima ifanywe na mtambo wa chini. Ndo maana ina kandoano kadogo mkiani, kuna kamba inashikwa na mikono miwili ya mashine kwenye nguzo, ndege ikikaribia mikono inainua kamba sekunde za mwisho kabisa na kandoano kananasa, inabaki inaning'inia. Zamani ilikuwa ikinaswa inadondokea kwenye godoro la upepo.

Droni yako ya mapanga manne inaweza kusimama yenyewe, sasa kwa nini uipige na kamba? Kamba na pangaboi havipatani, ikijizungusha tu injini moja imekufa na ikiwa na injini nne tu inashuka kama jiwe. Ukitaka kuona wazo la kunasa linavyobadilika, angalia Zipline wenyewe, droni yao mpya waliyoitangaza 2023 inaweza kuelea, na hiyo hainaswi kwa kamba tena, inakuja kujipachika yenyewe kwenye kituo chake ikitokea chini.

SWALI: Na helikopta zisizo na rubani za manowari je? Deki inapanda na kushuka na mawimbi, nani anazidaka? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Chusa. Kwenye deki kuna bamba la chuma la duara lenye matundu kama chekecheke, helikopta ikishagusa inachomeka chusa lake kwenye tundu linajifunga, basi meli ilale upande wowote haitelezi. Helikopta isiyo na rubani ya Boeing, Unmanned Little Bird, ilijaribiwa kwa namna hiyo kwenye manowari ya Ufaransa Guépratte mwaka 2012. Ukiniuliza mimi hata hivyo, wajanja kuliko wote ni Wakanada wa miaka ya 1960 na helikopta zao za Sea King (zile zina marubani, lakini sikiliza). Helikopta inateremsha waya, inaunganishwa na kebo ya meli, winchi inavuta chini huku helikopta yenyewe inavuta kwenda juu. Kebo ikikaza hivyo mbili zinakuwa kitu kimoja, wimbi likiinua deki na helikopta inajua. Mfumo wakauita Beartrap.

SWALI: Jirani ana droni inapita juu ya uwa wetu kila jioni, mabinti wanaoga nje huku. Nina wavu wa samaki, naruhusiwa kuidaka? – Mama wa Tanga

JIBU: Pole sana mama, hasira zako nazielewa kabisa, lakini huo wavu uweke kando. Polisi wenyewe wanahangaika. Tokyo walianzisha kikosi Desemba 2015 chenye droni kubwa inayoburuta wavu, baada ya droni kukutwa juu ya paa la ofisi ya waziri mkuu mwaka huo huo. Uholanzi walifundisha tai kabisa, ndege hai, 2016, mwaka uliofuata wakaacha, gharama kubwa na tai nae ana mambo yake. Kuna bunduki ya Uingereza inaitwa SkyWall inarusha wavu wenye parachuti, unaona hapo hao waliofikiria kuidaka walijua lazima ishuke polepole. Wa kwako hauna parachuti, ukiinasa inaanguka na mapanga yanazunguka, na chini wapo hao hao mabinti. Ipige video kwa simu, saa iandikwe, anakoirushia ionekane, nenda nayo kwa mjumbe kisha polisi, na uliza kama ana kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Huenda hana.