Siri ya Aliyenidhulumu Imo Mkononi Mwangu

Shangazi, miaka miwili iliyopita mfanyakazi mwenzangu, ambaye pia tunaimba naye kwaya moja kanisani, alinisingizia wizi wa fedha za ofisi nikafukuzwa kazi. Baadaye nilipata nyaraka zinazoonyesha kwamba sikuhusika, nami nimefungua shauri dhidi ya mwajiri. Hivi karibuni mtu mmoja alinitumia, bila mimi kuomba, mazungumzo ya siri ya huyo bwana na mwanamke asiye mkewe. Dada yangu anasema Mungu amemtia adui yangu mikononi mwangu, hivyo nimpelekee mkewe. Mzee wa kanisa naye ananisomea 1 Wakorintho 6 na kusema kwamba kama nimesamehe kweli nitafuta shauri na kurudi kwaya kama zamani. Kila nikimwona mtu huyo, sala inanikauka mdomoni. Nifanye nini?

Mwanangu,

Maneno ya dada yako si mageni. Ndiyo Daudi aliyoambiwa na watu wake ndani ya pango, katika 1 Samweli 24, pale mfalme Sauli aliyekuwa akimwinda na askari 3,000 alipoingia humo peke yake kujisaidia, asijue kwamba aliyekuwa akimtafuta amejificha gizani nyuma yake. Walimwambia kwamba siku ile ndiyo Bwana aliyoiahidi. Daudi alikata upindo wa vazi la Sauli, na hata kwa hilo tu moyo wake ukamchoma. Ninakuomba uone kwamba nafasi ya kulipiza kisasi, hata ikija bila kutafutwa, haigeuki kuwa ruhusa ya Mungu kwa sababu tu imekuja kwa urahisi. Mazungumzo uliyotumiwa hayahusiani hata kidogo na fedha ulizosingiziwa. Hayatalisafisha jina lako, na wa kwanza kuumia atakuwa mke ambaye hajakukosea lolote. Huenda ikafika siku mama huyo akahitaji kuujua ukweli, lakini mtu wa kumpa ukweli huo si wewe, kwa kuwa mkono wako, nionavyo mimi, unatetemeka kwa hamu ya kumwona mumewe akiaibika.

Hata hivyo, usifunge Biblia hapo, kwa maana kisa hicho kina jibu la mzee wako pia. Daudi alitoka pangoni akamwita Sauli kwa sauti, akamweleza dhuluma yake waziwazi, akamwonyesha kipande cha vazi kuwa ushahidi, akasema Bwana na aamue kati yao, lakini mkono wake hautakuwa juu yake. Sauli akalia, akakiri kwamba Daudi ni mwenye haki kuliko yeye. Kisha Sauli akarudi nyumbani, naye Daudi na watu wake wakapanda ngomeni. Daudi hakumfuata nyumbani kwake. Machozi ya mkosaji aliyapokea, ila hakuyageuza kuwa sababu ya kuweka maisha yake tena mikononi mwa mtu ambaye hakuwa ameonyesha mabadiliko yoyote, na kwa kweli Sauli alirudi kumwinda muda si mrefu baadaye. Kusamehe kunaweza kufanywa na mmoja. Kuaminiana kunahitaji wawili, na huyo wako hata machozi ya Sauli hajayatoa.

Kwa hiyo kwaya inaweza kusubiri. Sioni amri yoyote inayokulazimisha kusimama bega kwa bega na mtu ambaye hajakubali kosa lake, ilimradi humzushii maneno wala humzuii asiabudu.

Kuhusu 1 Wakorintho 6, ni kweli kwamba Paulo anawakemea Wakristo wanaoshtakiana mbele ya wasioamini. Lakini katika sura hiyohiyo anauliza kama hakuna hata mmoja mwenye hekima kati yao awezaye kuamua baina ya ndugu na ndugu. Dawa yake ni kanisa lisikilize shauri, wala si kanisa linyamazishe aliyedhulumiwa. Mwulize mzee wako, kwa adabu, kama yuko tayari kuitisha kikao, kumwita mtuhumiwa na kusoma nyaraka zako, sawasawa na utaratibu wa Mathayo 18:15-17. Shauri lako, zaidi ya hayo, ni dhidi ya mwajiri, na unachodai ni jina na haki yako. Paulo mwenyewe alikata rufani kwa Kaisari, na Yesu alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu alimtaka aliyempiga aonyeshe ubaya wa maneno yake. Papa Yohane Paulo II, aliyepigwa risasi mwaka 1981, alitangaza msamaha siku chache baadaye na mwaka 1983 akamtembelea gerezani mtu aliyempiga, lakini mtu huyo aliendelea na kifungo chake.

Sasa nije kwenye jambo gumu zaidi, yaani moyo wako, ambao hakuna kikao wala mahakama itakayokutengenezea. Katika mfano wa mtumwa asiyesamehe, wahubiri wengi huidharau ile dinari 100 aliyokuwa akimdai mwenzake, ilhali dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku nzima. Hiyo ni kazi ya zaidi ya miezi mitatu! Yesu hakusema kwamba ulichofanyiwa ni kidogo. Alikiweka karibu na talanta 10,000, deni ambalo mtumwa yule asingeweza kulilipa katika maisha yake yote, naye alikuwa amesamehewa. Ndiyo maana ninakushauri uhesabu kwanza: kazi, miaka miwili, usingizi, marafiki waliokukwepa. Mtu hawezi kuachilia deni ambalo hajathubutu kulitaja.

Hayo yote yapeleke kwenye sala, hata kwa maneno makali, kwa kuwa Zaburi ya 109 ni kali kuliko chochote utakachothubutu kusema. Halafu mwombee mtu huyo jambo moja tu unaloweza kuliomba bila unafiki, hata kama leo ni kwamba aujue ukweli kuhusu nafsi yake. Upendo kwa adui hauanzi na hisia tamu. Kutoka 23:5 inamwambia mtu amsaidie punda wa anayemchukia, aliyelala chini ya mzigo. Haimwambii asubiri hadi ampende mwenye punda.

Nyaraka za kazini zitunze vizuri na umpe nakala wakili wako. Yale mazungumzo yafute leo, na uyafute kabla ya kumpigia simu dada yako, kwa sababu ukianza na simu, ninavyomwona kwenye barua yako, atakushinda.

Shangazi yako