Mgombea Akisema "Nitahakikisha", Muulize Tena

Mwaka 2017 nilisimama kwenye mkutano wa kampeni mtaani kwetu Mombasa nikamuuliza mgombea wa kiti cha MCA, yaani mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti, swali nililolitunga usiku kucha: "Una mpango gani kuhusu elimu na usalama wa vijana wetu?" Watu wakapiga makofi. Mgombea akashukuru kwa "swali zito la dada yetu", akazungumza kama dakika kumi hivi. Nikarudi nyumbani kifua mbele, mpaka mume wangu aliponiuliza, "Ehe, amesemaje?" Nikatafuta la kumwambia, sikulipata. Alichosema ni kwamba atahakikisha vijana wanasoma, na atahakikisha usalama unaimarika.

Kosa lilikuwa langu. Polisi wako chini ya serikali kuu. Shule za msingi na sekondari, vilevile. Nilikuwa nimemuuliza muuza samaki bei ya mbao, naye kwa heshima zake akanitajia bei.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalowaambia wenzangu ni hili: kabla ya kutunga swali, jua anayeulizwa anaomba kazi gani. Katiba yetu ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, imegawa kazi za serikali kuu na za kaunti. Kaunti imepewa zahanati na vituo vya afya, chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, masoko, leseni za biashara, barabara za kaunti na taa zake, maji na mitaro ya maji ya mvua. Na hata hapo, MCA hachimbi mtaro. Yeye hutunga sheria za kaunti, huipitisha bajeti au kuikataa, huwapiga msasa wale ambao gavana amewateua kuwa mawaziri, na huichunga serikali ya kaunti isile pesa zetu. Mgombea wa MCA akikuahidi kituo cha polisi, ama hajui kazi anayoiomba, ama anajua kwamba wewe huijui. Swali la madarasa ya shule ya msingi mpelekee anayetaka ubunge, maana NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, uko upande wake.

Mwaka 2022 tulijipanga vizuri zaidi. Chama chetu cha akina mama kina watu 14, na wagombea watatu wa wadi waliomba kuja kutusalimia, kila mmoja siku yake. Tukakubaliana mambo mawili. La kwanza, wote wataulizwa maswali yaleyale, kwa maneno yaleyale. La pili lilituletea ugomvi wa wiki nzima: hakuna kuomba kitu. Chama chetu kilikuwa hakina viti wala hema, na wenzetu wengine waliona hii ndiyo nafasi, maana baada ya kampeni mheshimiwa hupatikana kwa nadra kama maji ya bomba. Nilishikilia kwamba ukimwomba mtu viti hamsini, huwezi kumgeukia papo hapo ukamuuliza kwa nini hasemi ukweli. Mkono unaopokea hauwezi kunyoosha kidole. (Sheria ya makosa ya uchaguzi ya 2016 nayo inakataza kuwahonga wapigakura, ingawa kwa leso nilizoziona msimu ule, sijui nani alikuwa ameisoma.)

Swali lililofanya kazi kuliko yote halikuwa langu. Lilikuwa la mwenzetu anayeuza mahamri, mtu ambaye kwenye mikutano huwa hasemi kitu. Aliuliza hivi: "Mheshimiwa, masika maji ya ule mtaro wa nyuma ya msikiti huingia jikoni kwangu. Mtaro ule ni wa kaunti ama ni wa serikali kuu?"

Basi. Hapo huwezi kujibu "nitahakikisha". Mgombea wa kwanza alijibu hivyohivyo, na mwenzetu, kwa upole wa kutisha, akarudia: "Ahsante baba, lakini ni wa nani?" Kimya. Vijana waliomsindikiza wakaanza kuimba. Wa pili alisema bila kusita kwamba ni wa serikali kuu, kwa hiyo yeye hahusiki. Wa tatu, mwanamke wa makamo, alisema hajui, ataulizia. Siku mbili baadaye alimtuma kijana na jibu: mtaro ni wa kaunti, na haumo kwenye bajeti ya mwaka ule.

Tangu siku ile nalipima kila swali kwa neno hilo moja. Ukiona linaweza kujibiwa kwa "nitahakikisha", lipunguze. Ondoa "maendeleo", weka mtaro. Ondoa "afya", weka zahanati fulani na dawa ambayo haikuwepo ulipokwenda na mtoto.

Tulikuwa pia na swali la kuchagua: pesa zikitosha kitu kimoja tu mwaka wa kwanza, mtaro ama taa za barabarani, utachukua kipi, na utawaambia nini watu wa upande wa pili? Wagombea hawalipendi swali hili hata kidogo. Wawili walijaribu kusema vyote viwili. Ukikaa kimya bila kumsaidia, mtu huanza kujieleza mwenyewe, na hapo ndipo unamjua. Msimkatize. Sisi huwa na huruma ya kijinga, tukiona mgeni anatokwa jasho tunamletea sharubati na kubadilisha mazungumzo. Sharubati isubiri.

La tatu lilihusu ada. Kila mwaka kaunti huleta mswada wa fedha, na humo ndimo hupangwa ada za soko na leseni za vibanda. Tukauliza: gavana akiwa wa chama chako, na mswada wake unapandisha ada ya kibanda cha mama huyu, utapiga kura gani? Mmoja alicheka akasema, "Mama, siasa ni chama." Wenzangu walikasirika. Mimi nililiona ndilo jibu la kweli kuliko yote tuliyoyapata, nikaliandika neno kwa neno.

Anayetetea kiti chake ana maswali yake. Yeye muulize alichokwisha kufanya: mswada fulani aliupigia kura gani, ni lini alisimama bungeni kuutaja mtaro wetu. Bunge la kaunti lina Hansard, na yaliyosemwa humo yameandikwa. Kwa uchaguzi ujao, Agosti 10, 2027, ningemuuliza kila mgombea pia kuhusu basari, ile misaada ya karo. Januari 2025 Mdhibiti wa Bajeti aliziandikia kaunti akizizuia kuzitoa bila makubaliano na serikali kuu, na jambo likaishia mahakamani. Anayeahidi basari za kaunti bila kuligusa hilo, mrudishe kwenye swali.

Kuhusu mahali, achaneni na mkutano wa hadhara. Pale kipaza sauti ni chake na watu ni wake, na kijana anayeuliza swali gumu anaweza kusukumwa vibaya. Ukumbini kwa mtu, barazani, maskani ya vijana, hapo panatosha. Aulize mtu mmoja, na mwingine aandike. Sisi tuliandika kwenye daftari la shule la mwanangu, na mwisho wa kikao tulimsomea mgombea majibu yake tukamuuliza kama tumemnukuu sawa. Huyo wa kwanza alirekebisha mawili hapohapo.

Sasa, msije mkadhani tulishinda. Yule mwanamke wa mtaro nilimpigia kura na akashindwa, tena vibaya. Aliyepita ni yule wa "siasa ni chama". Kura ya gavana ilikuwa imeahirishwa hapa Mombasa hadi Agosti 29, kwa hiyo bado tulikuwa kwenye kampeni, na kwa wiki kadhaa chamani hakukuwa na mtu aliyetaka kuliona daftari lile. Niliambiwa tungekuwa na viti.

Mwaka uliofuata kukaitwa kikao cha wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti, na mheshimiwa alikuwepo. Mwenzetu wa mahamri akalichukua daftari, akasimama, akasoma jibu la mheshimiwa mwenyewe kuhusu mtaro kwamba ni wa serikali kuu, kisha akauliza afisa wa kaunti aliyekuwepo kama ni kweli. Afisa akasema mtaro ni wa kaunti. Mheshimiwa akaomba aonyeshwe ukurasa wenyewe. Alisoma chini mpaka mwisho, akaona na lile la chama, akamrudishia, akamwambia karani aandike mtaro.

Wamechimba nusu. Upande wa jikoni bado.