Kabla hujanunua kengele yenye kamera, nenda kwanza getini kwako

Mama yangu ana miaka 74 na magoti yanamsumbua. Tunakaa Kigamboni, na kutoka mlango wa sebuleni mpaka getini ni hatua 31. Mgeni akipiga hodi, au akigonga geti kwa jiwe kama wanavyofanya wengi, mama ndiye aliyekuwa akitoka, maana mchana nyumbani huwa wapo yeye na dada anayemsaidia tu. Siku moja alimfungulia mlango mdogo wa geti kijana aliyejitambulisha kuwa fundi wa mita. Hakuwa fundi. Dada alipiga kelele, jirani akatokea, kijana akaondoka bila kuchukua kitu. Lakini tangu siku ile, kila nikisafiri usingizi haukai. Ndipo nikaanza kutafuta kengele yenye kamera.

Hii iliyopo sasa ni ya tatu katika miaka minne. Zile mbili za mwanzo hazikuwa mbovu, ila hazikufaa kwetu, na ningelijua hilo kabla ya kutoa hela kama ningeanza kulitazama geti letu badala ya kulinganisha picha za kamera mtandaoni. Watu wengi wananiuliza ipi ina picha kali zaidi. Mimi nakuuliza kwanza: pale getini umeme upo wa aina gani, mtandao unafika, na nani atakayeitika?

Tuanze na umeme, kwa sababu hapo ndipo wengi tunapoumia. Kengele yangu ya kwanza nililetewa na ndugu kutoka Marekani. Nyumba za kule nyingi zina transfoma ndogo ya kengele, inayoshusha umeme wa volti 120 mpaka volti 16 hadi 24, na nyaya mbili nyembamba zinakuwa tayari zimefika mlangoni. Kengele za huko zimetengenezwa zikitegemea nyaya hizo. Kwetu nyaya hizo hazipo. Nyumba zenye kengele ya waya mara nyingi zina kitufe kinachobeba umeme wenyewe wa volti 230. Tafadhali, usikubali fundi aunganishe kengele ya volti 24 kwenye nyaya hizo kwa maneno ya “tujaribu tu”. Kifaa kitaungua, na anayebonyeza anaweza kupigwa na umeme. Na ninyi mnaosoma mkiwa Uingereza, angalieni pia: transfoma nyingi za kengele za zamani huko hutoa volti 8, na kengele nyingi zenye kamera haziridhiki na hapo.

Nikahamia ya betri. Kwenye boksi iliandikwa miezi sita bila kuchaji. Geti letu linatazama barabara, bodaboda zinapita kuanzia alfajiri, watoto wa shule wanapita, mbuzi wa jirani wanapita, na kila kinachopita kiliiamsha kamera ikaanza kurekodi. Betri ikamalizika ndani ya wiki tatu. Nilipopunguza eneo la kuhisi mwendo ikafika wiki sita, lakini ikaanza kuwakosa watu. Jambo jingine la kengele za betri ni kwamba muda mwingi zinalala ili kutunza chaji. Hadi zinapoamka, mtu amekwisha kusogea, na unabaki na video ya kisogo. Kwa nyumba ya ghorofa yenye korido tulivu, au kwa mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa ukuta, betri ni chaguo zuri kabisa. Kwa geti la barabarani siishauri.

Ya tatu, ambayo ndiyo tunayo, inatumia waya mmoja wa mtandao unaobeba umeme na data pamoja, mfumo unaoitwa PoE. Waya huo unaweza kwenda hadi mita 100 kutoka kwenye swichi ya mtandao, yaani kisanduku kinachogawa nyaya za mtandao, na kwa kiwango cha kawaida cha 802.3af kifaa kilichoko mwisho wa waya hupata karibu wati 13, ambazo kengele inatosheka nazo. Fundi alichimba mtaro mfupi, akapitisha bomba la plastiki, akavuta waya. Kazi ya siku moja na nusu. Iliniuma kulipia, lakini tangu hapo sijapanda ngazi kuchaji kitu.

Faida kubwa nyingine niliigundua umeme ulipokatika usiku. Kengele, swichi na ruta kwa pamoja vinakula kama wati 25. Nimeviwekea betri ya volti 12 yenye Ah 18 (ampea-saa, yaani kipimo cha chaji inayobeba), na hata ukiondoa kinachopotea njiani na kile unachokibakiza ili usiiue betri, tunapata saa tano hivi. Ukiwa na inveta nyumbani hili si tatizo lako. Ukiwa huna, kumbuka kwamba kengele ya betri nayo inanyamaza umeme ukikatika, kwa sababu ruta imezima. Wauzaji hawakuambii hilo.

Kama waya hauwezekani, pima waifai kabla ya kununua. Funga geti, simama nje kwenye nafasi kengele itakapokaa, shika simu kwenye urefu huo, jiunge na waifai ya nyumbani ya masafa ya 2.4 GHz, kisha mpigie mtu kwa video dakika tano. Picha ikigandaganda kwenye simu, kwenye kengele itakuwa mbaya zaidi. Geti la chuma na kuta za tofali za saruji vinakula mawimbi kuliko unavyodhani, na 5 GHz inachoka mapema zaidi ya 2.4. Angalia pia kasi ya kupandisha data, si ya kushusha tu. Kwa wanaotumia bando, hesabu ni hii: kipande cha sekunde 20 kwa megabiti 2 kwa sekunde ni megabaiti 5. Vipande 40 kwa siku ni megabaiti 200, karibu gigabaiti 6 kwa mwezi. Ukiiacha kamera irushe kwenda mtandaoni mfululizo kwa megabiti 4, unakaribia gigabaiti 43 kwa siku moja.

Sasa tuje kwenye nyumba janja yenyewe, yaani vifaa vya nyumbani vinavyoongozwa pamoja kwa simu au kwa sauti. Kama tayari una spika au skrini ya aina hiyo ukutani, hiyo imekwisha kukuchagulia nusu ya kengele. Kampuni ya kengele ya Ring ni mali ya Amazon tangu 2018, hivyo na Alexa, msaidizi wa sauti wa Amazon, wanaelewana vizuri, lakini haiingii kwenye Apple Home, mfumo wa nyumba janja wa Apple. Kengele za Nest ni za Google, na mahali pake ni Google Home, mfumo wa Google. Wenye iPhone wanaotaka video zihifadhiwe kwa mfumo wa Apple wanahitaji kengele yenye alama ya Apple Home, kisanduku cha Apple TV au spika ya HomePod nyumbani, na malipo ya iCloud+, hifadhi ya mtandaoni ya Apple: kifurushi cha gigabaiti 50 kinabeba kamera moja, cha 200 kinabeba tano. Kengele ya Aqara ni mojawapo ya zinazokubali mfumo huo. Kuhusu alama ya Matter, kiwango cha kufanya vifaa vya kampuni tofauti vielewane, usidanganyike nayo. Kiwango hicho kilitoka Oktoba 2022, lakini kamera ziliingizwa humo kwenye toleo la 1.5 la Novemba 2025, kwa hiyo kengele nyingi zilizoko madukani zilitengenezwa kabla ya hapo.

Na kama unaletewa vifaa kutoka ng’ambo, vya Zigbee, mojawapo ya njia za vifaa janja kuwasiliana bila waya, havina shida, vinatumia 2.4 GHz dunia nzima. Vya Z-Wave, njia nyingine ya namna hiyo, vya Marekani havisikilizani na vya Ulaya, masafa yao ni tofauti.

Mimi nilichagua Home Assistant, programu ya bure inayokaa kwenye kompyuta ndogo ndani ya nyumba, pamoja na kengele ya Reolink inayotoa picha kwa RTSP na ONVIF, yaani lugha ambazo mifumo mingi ya kamera inazielewa. Inataka uvumilivu kuipanga. Nilikaa nayo jioni nne. Kama hupendi kugusa mipangilio, chukua njia ya Google au Alexa bila kuona haya. Sababu yangu kubwa ilikuwa malipo ya kila mwezi. Kengele nyingi zinazotegemea seva za kampuni, usipolipia, zinakuonyesha picha ya muda huo tu. Video ya jana huipati. Kwetu video zinakaa kwenye memori kadi na kwenye kompyuta ya ndani, na intaneti ikikatika kengele bado inalia. Ipo pia sababu ya faragha. Mwaka 2023 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilifikia suluhu ya dola milioni 5.8 na Ring baada ya kuishutumu kwamba wafanyakazi waliweza kutazama video za wateja. Video za mama yangu akiwa na khanga yake uani sitaki zikae kwa mtu mwingine.

Kisha kuna suala ambalo kwangu ndilo zito: nani anaitika. Nilipofunga ile ya betri, arifa zilikuja kwenye simu yangu mimi, nikiwa ofisini Posta. Mama akaniambia, “Mwanangu, kengele umejiwekea mwenyewe. Mimi mgeni namsikia kwa jiwe vilevile.” Alikuwa sahihi. Nunua kengele yenye mlio wa ndani wa kujitegemea, usiotegemea simu ya mtu. Sisi tumeweka spika mbili, sebuleni na jikoni, na mlio wake ni sauti ya binti yangu niliyoirekodi: “Hodi! Bibi, kuna mtu getini.” Ukutani, kwenye kimo cha kiti cha mama, kuna tableti ya zamani inayoonyesha geti muda wote. Mama anabonyeza alama ya maikrofoni, anauliza, “Nani mwenzangu? Umetoka kwa nani?” Asiyejieleza hafunguliwi. Geti la umeme sikuliunganisha na kengele, na sitaliunganisha. Mlango wetu unafunguliwa na mtu aliyeamua kufungua.

Ukifika hatua ya kufunga, weka kwenye kimo cha meta 1.2 hivi, na chagua kamera yenye picha ndefu ya kusimama, ionyeshe kuanzia uso hadi miguuni. Yenye picha pana kama ya televisheni haioni mzigo uliowekwa chini. Geti likitazama mashariki kama letu, ipindishe kidogo kwa kabari, la sivyo asubuhi wageni wote watakuwa vivuli vyeusi. Wa pwani, paka grisi kwenye skrubu na tumia za chuma kisichoshika kutu. Chumvi ya bahari haichezi.

Na mwambie jirani kabla hujatoboa. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya wana yao ya 2019. Huko Oxford, Uingereza, Oktoba 2021, mahakama iliamua kwamba mwenye nyumba alivunja sheria ya data kwa kamera zake, na hakimu alitilia mkazo suala la kurekodi sauti, kwa kuwa maikrofoni ilinasa mazungumzo ya mbali kuliko inavyofaa. Mimi nilimwita jirani yule yule aliyetokea siku ya fundi wa uongo, nikamwonyesha kwenye tableti kamera inachokiona. Kona ya mlango wake ilikuwa inaonekana. Tukaiziba kwa pamoja kwenye mipangilio, na nikazima kurekodi sauti. Mazungumzo ya moja kwa moja na mgeni yanaendelea kama kawaida.