Maswali na majibu: mhusika wa 3D, hatua kwanza, programu baadaye

Natumia programu ya Blender kuchonga wahusika wa 3D kwa kuwa ni ya bure. Nyuso zangu zinatoka kama za mdoli, na wenzangu wanasema nihamie ZBrush, programu ya kuchongea ya kulipia. Nijichange ninunue? (Msomaji, Sinza)

Usinunue bado. Kwenye picha uliyotutumia, vinyweleo na mikunjo ya midomo vimeshachongwa, lakini macho yamekaa juu mno. Kwa mtu mzima, mstari wa macho hupita katikati ya kichwa, kutoka utosini hadi kidevuni. Kosa hilo ni la umbo kubwa, na brashi yoyote utakayoinunua italichonga vilevile, kwa ulaini zaidi tu.

Rudi mwanzo. Tufe moja la fuvu, boksi la taya, bomba la shingo, basi. Linganisha na picha za mtu halisi kutoka mbele, ubavuni na robo tatu. Mwili mzima upime kwa vichwa: mtu mzima ni saba na nusu hivi, mtoto mdogo ni kama vitano. Kisha mpake mhusika rangi nyeusi tupu. Kama kivuli chake hakimtambulishi, usipande ngazi, yaani usigawanye umbo kuwa vipande vidogo zaidi.

Ngazi hizo zina gharama. Kila unapogawanya meshi (wavu unaounda umbo), poligoni, yaani vipande bapa vya wavu huo, huzidishwa kwa 4: ukianza na 20,000, ngazi tatu zinakufikisha 1,280,000. Kusogeza jicho kwenye ngazi ya chini ni sekunde chache. Huko juu unaburuta ngozi na vinyweleo vyake vyote. ZBrush inabeba mamilioni ya poligoni vizuri kuliko Blender, hilo hatulipingi. Ila hujafika huko.

Mkono ukikunjwa, kiwiko kinabonyea. Nimepaka upya uzito wa mifupa (kiasi ambacho kila mfupa unavuta ngozi) mara nne, bado. (Msomaji, Tabata)

Acha kupaka, hesabu pete. Tunadhani kiwiko chako kina pete moja tu ya mistari ya meshi inayouzunguka mkono, hivyo mkunjo wote unaangukia hapo na mkono unajibana kama mpira wa maji uliokunjwa. Weka pete tatu: moja kwenye kiungo chenyewe, moja juu yake na moja chini. Upande wa ndani zikaribiane, upande wa nje zitawanyike, maana ngozi ya nje ndiyo inayovutika. Goti nalo ni hivyohivyo, ila upande wa kutawanya ni wa mbele.

Tumia poligoni za pembe nne sehemu zote zinazokunjwa, na macho na mdomo vizungukwe na pete kamili. Na kabla ya kuweka mifupa, kama uliwahi kumvuta mhusika awe mrefu, bonyeza Ctrl+A uthibitishe kipimo. Ukisahau hilo, mifupa inaweza kumvuta mhusika vibaya na utadhani tatizo ni uzito.

Nimemvisha mhusika kanga, lakini upande mmoja jina linasomeka kinyumenyume. (Msomaji, Mbagala)

Umetumia kioo. Modifaya (zana ya kubadili umbo) ya Mirror inanakili nusu ya kulia kwenda kushoto pamoja na UV zake, yaani ramani bapa inayoelekeza picha ikae wapi juu ya umbo, kwa hiyo maandishi nayo yanageuzwa. Inafaa kwa mwili, lakini kanga haina nusu mbili zinazofanana.

Tengeneza kanga kama ilivyo dukani: mstatili wa mita 1.5 kwa 1.1, ukiwa bapa. Ukate miraba ya sentimita 2, yaani 75 kwa 55, poligoni 4,125. Inatosha kabisa kwa mikunjo. Kunjua UV hapohapo ikiwa bado bapa, kipande kimoja, ili pindo lifuate kingo zote nne, mji ukae katikati, na jina lisimame juu ya pindo la chini. Ndipo umfunge mhusika. Ukimfunga kwanza, UV zinaweza kukatika kwenye mikunjo, na jina likavunjika katikati ya neno.

Kama bado limegeuka, huenda unaangalia upande wa nyuma. Washa Face Orientation, inayoonyesha kila poligoni imeelekea wapi: palipo pekundu ni nyuma.

RAM ya GB 8 inatosha kujifunzia? (Msomaji, Kigamboni)

Inatosha. Chonga kichwa, mwili na nguo kama vitu tofauti, na ufiche usichokigusa. Kila baada ya dakika kumi hifadhi faili kwa namba mpya. Kwenye dirisha la kuhifadhi la Blender, alama ya + inaongeza namba yenyewe. Umeme ukikatika, umepoteza dakika kumi.