Ekzosi ya bodaboda: shuka kushoto, na ukiungua kimbilia bomba

Jumapili moja ya Januari nilitoka Coco Beach nimeshiba mihogo, lakini maji sikuwa nimeyagusa tangu asubuhi. Mnaijua Dar ya miezi hii: kaskazi inavuma na bado nguo inakugandia mgongoni. Nilipanda bodaboda kichwa kikinigonga. Tulipofika kwangu Kinondoni, kushoto kulikuwa na lundo la mchanga wa ujenzi, nikaona nishukie kulia. Gauni langu liliishia magotini. Shavu la mguu likagusa ekzosi.

Hata sekunde haikufika. Ngozi ikawa nyeupe, imejikunja kama utando wa juu ya maziwa yaliyochemka, sehemu yenye ukubwa wa yai.

Mama jirani alikuja mbio na dawa ya meno, akanipaka kwa huruma zote. Nilisikia ubaridi, nikamshukuru, nikalala. Asubuhi ilikuwa imekauka na kushikana na kidonda, na nesi wa zahanati alilazimika kuibandua kidogo kidogo kwa maji na pamba. Maumivu ya kuungua nimeshayasahau, ya kubanduliwa bado nayakumbuka. Ubaridi wa dawa ya meno haupoozi moto ulioingia ndani ya nyama. Yai, unga na mafuta ya kupikia ni vivyo hivyo.

Kinachopooza ni maji. Nesi aliniambia, na tangu siku hiyo namwambia kila mtu: fungua bomba, weka mguu chini ya maji yanayotiririka, hesabu dakika 20 ukitazama saa. Ni ndefu, utachoka, vumilia. Bomba likiwa kavu, chota kwa kopo kwenye ndoo umwagie taratibu. Barafu usiweke, inaumiza ngozi zaidi. Vua kikuku na kiatu mapema, mguu haujavimba. Kisha funika kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi, na lengelenge likitokea liache, usilitumbue.

Usibaki nyumbani kama umeungua usoni, kwenye kiungo kama goti au sehemu za siri, kama jeraha limezidi kiganja cha aliyeungua, au ngozi imekuwa nyeupe au nyeusi na haiumi. Kutouma kusikufariji, maana yake moto umefika chini. Mtoto mpeleke tu, hata kama ni padogo. Ulizia na sindano ya pepopunda. Siku zinazofuata ukiona usaha, harufu, wekundu unaosambaa au homa, rudi.

Kama mmeanguka au mmegongwa, pale kuna suala la PF3, fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi. Aliyezidiwa awahishwe hospitali, ndugu mmoja aifuatilie fomu.

Pikipiki nyingi za bodaboda hapa kwetu zina ekzosi upande wa kulia, na kulia ndiko magari yanakopita. Kwa hiyo panda na ushuke kushoto. Kukiwa na lundo au dimbwi, mwambie dereva asogee mbele hatua tano. Mimi sasa nasema, na hakuna aliyewahi kunikatalia. Watoto msiwaache wachezee pikipiki iliyoegeshwa sasa hivi, chuma kinabaki cha moto muda mrefu baada ya injini kuzimwa. Na kunywa maji kabla hujatoka ufukweni. Mimi nilishuka na kizunguzungu, macho hayakuona mguu unakwenda wapi.

Kovu langu bado ni jeusi kuliko ngozi nyingine. Nikienda juani nalifunika kwa kanga.