Mama kapigwa eksirei mara mbili: "kuongeza" ni kuongeza nini?

SWALI: Shikamoo mama. Mama yangu, mtu wa mwili, alipigwa eksirei ya kifua wiki iliyopita. Mpigaji alipoitazama picha kwenye kompyuta akasema ina chenga, akarudi kwenye vitufe, "ngoja niongeze kidogo," akampiga tena. Toka siku hiyo mama hana raha, anasema kachomwa mionzi. Aliongeza nini hasa?
Msomaji, Makorora, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Mpe mama pole, na umtoe hofu kwanza: picha moja ya kifua ni kama mionzi ya asili tunayoipata sote kutoka ardhini na angani kwa siku 10 hivi. Mbili hazifiki mwezi. Lakini umeuliza la maana, kwa sababu hilo neno "kuongeza" limebeba mambo mawili.

Fikiria mvua na paa la makuti. Kuna nguvu ya tone, na kuna wingi wa matone. Kilovolti ndizo nguvu ya tone: zikiwa chache, mionzi mingi inaishia mwilini bila kutokea upande wa pili, zikipanda, inapenya. Kiganja kinatosheka na kilovolti 50 hivi. Kifua tunakipeleka hata 120, ili mbavu zisiyafiche mapafu. Miliampia na sekunde ndizo wingi wa matone. Ukizidisha wingi mara mbili, mgonjwa naye anapokea mara mbili.

Sasa chenga. Umeshaona manyunyu yanavyoanza kwenye mchanga pale Raskazone? Doa hapa, doa kule, katikati pakavu. Yakizidi, mchanga wote unalowa sawasawa. Picha ya mama ilikuwa mchanga usiopata matone ya kutosha, kwa kuwa mwili mnene uliizuia mionzi njiani. Mpigaji hakukosea kurudia. Mimi kwa mtu mnene hupandisha kilovolti kwanza: zikipanda kwa asilimia 15 tu, picha hupata karibu sawa na kuzidisha wingi mara mbili. Weusi na weupe hufifia kidogo, ila mapafu yanasomeka.

Linaloniumiza ni jingine. Nilianza kazi enzi za filamu na chumba cha giza. Ukizidisha mionzi, filamu ilitoka kwenye dawa nyeusi tii, umeishika mkononi inachuruzika maji, na kosa lako kila mtu analiona. Siku hizi kompyuta inarekebisha. Picha iliyozidishiwa hutoka laini, inapendeza, hakuna anayeuliza. Nimefanya kazi na vijana waliokuwa wakipandisha kidogo kidogo ili wasirudie picha, hadi siku moja mtoto wa miaka 4 akapigwa kwa kipimo cha mtu mzima. Nilipiga kelele siku ile, na sitaacha. Mashine nyingi za kidijiti huandika pembeni mwa picha namba ya mionzi iliyokifikia kibao kinachopokea picha. Mpigaji aitazame kila mara, hata picha ikiwa nzuri.

Mama akirudi, avue mkufu na sidiria yenye chuma kabla ya kusimama. Na akiambiwa "vuta pumzi, shika," aishike kweli asitikisike, maana picha iliyotikisika haiponi kwa kitufe chochote. Itabidi apigwe tena.