Mordin Hafi kwa Bahati Mbaya: Majibu ya Mass Effect 2

Barua za safari hii karibu zote ni za Mass Effect 2, gemu ya BioWare iliyotoka Januari 2010 kwa Xbox 360 na kompyuta, kisha PlayStation 3 mwaka mmoja baadaye. Nitataja nani anakufa na anakufaje. Asiyetaka kujua aishie hapa.

Ni kweli Mass Effect 2 iliacha kuwa RPG (gemu ya kuigiza na kukuza mhusika) ikabaki gemu ya bunduki tu?

Swali hili halichakai, na wengi wanaoliuliza huwa wanahesabu kitu kimoja: begi. Mass Effect ya 2007 ilikuwa na begi la vitu 150. Likikaribia kujaa, unasitisha kazi ya kuokoa galaksi, unafungua menyu na kuanza kugeuza mabunduki mabovu kuwa omni-gel. Mass Effect 2 ililitupa begi lote. Gari la Mako likaondoka nalo. Kiwango cha juu cha Shepard, mhusika unayemwongoza, kikashuka kutoka 60 hadi 30, stadi zikapungua, na pointi za uzoefu zikawa zinatolewa misheni ikiisha, si kwa kila adui unayemwangusha. Shabaha nayo ikaacha kutegemea pointi. Hilo la mwisho sijui nani analililia: katika gemu ya kwanza, komando aliyehitimu alishika bunduki ya masafa marefu huku mikono ikimtetemeka mpaka umlipie stadi.

Wakosoaji waliipokea kwa mikono miwili. Toleo la Xbox 360 lina 96 kwa 100 kwenye Metacritic, tovuti inayojumlisha alama za wakosoaji, na BAFTA ikaipa tuzo ya Gemu Bora mwaka 2011. Wachezaji waliotoka gemu ya kwanza ndio waliogawanyika, na mgawanyiko huo haujaisha hadi leo.

Msimamo wangu ni kwamba uigizaji haukuondoka, ulihama kutoka kwenye vifaa ukaenda kwa watu. Maamuzi mazito ya gemu hii ni nani umemsikiliza, nani umemtimizia haja yake, na nani unamkabidhi kazi gani saa ya mwisho. Hayo yana hesabu ngumu kuliko rundo lolote la deraya. Ila kwenye silaha lawama ni za haki. Kila aina ina bunduki chache mno, na unayoipata baadaye mara nyingi ni bora kuliko ya mwanzo, kwa hiyo hakuna cha kuchagua. BioWare wenyewe waliliona: Mass Effect 3 ikaleta silaha nyingi na kuzipa uzito, ukibeba nzito nguvu zako zinachelewa kurudi. Huo sasa ndio uchaguzi.

Kwa nini risasi zinaisha? Gemu ya kwanza hazikuwa zinaisha.

Kwa sababu gemu ya kwanza ilivunjika hapo. Bunduki zilipata joto badala ya kuishiwa, na mwenye bunduki ya Spectre aliyeifunga vipande viwili vya Frictionless Materials vya daraja la juu, vya kupunguza joto, aliweza kushikilia kifyatulio tangu mlangoni hadi mwisho wa chumba. Adui hakuwa na la kufanya. Klipu za joto, zinazobeba joto la bunduki na kutupwa zikijaa, zililetwa ili ulazimike kubadilisha silaha na kutoka mafichoni kuokota, na kwa upande wa mapigano zilifaulu.

Maelezo yake ndiyo yaliyoharibika. Tunaambiwa teknolojia hii imeenea katika miaka miwili ambayo Shepard hakuwepo. Nenda sasa kwenye misheni ya Jacob, mmoja wa wenzako wa kikosi, sayari ya Aeia, kwa watu walioanguka na meli miaka kumi kabla. Utaokota klipu za joto mchangani. Tena klipu inasemekana kuingia bunduki yoyote, lakini bastola ikiwa imejaa na bunduki ya rasharasha imekauka, huwezi kuhamisha hata moja. Wachezaji walitaka mfumo wa kati: bunduki ipoe yenyewe polepole, na mwenye haraka achomoe klipu. Hawakupewa, na kwa maoni yangu walikuwa sahihi kuutaka.

Kwa vitendo, kila silaha ina akiba yake, kwa hiyo usiing'ang'anie moja mpaka ikauke. Tumia SMG (bunduki ndogo ya rasharasha) kwa ngao na vizuizi, bastola nzito kwa deraya. Anayelia risasi hazitoshi mara nyingi anapiga deraya kwa SMG. Legendary Edition ya 2021, mkusanyiko wa gemu zote tatu, imeongeza klipu zinazoanguka, kwa hiyo huko huna kisingizio.

Kwenye misheni ya mwisho Jacob amejitolea kuingia kwenye bomba la hewa. Nimruhusu?

Hapana.

Na Miranda anasema mwanabaiotiki yeyote (mwenye nguvu za akili za kusukuma vitu) anaweza kushikilia kizuizi cha kuzuia wadudu wa adui?

Hapana tena. Gemu inakupima kama uliwasikiliza watu wako, na anayenyosha mkono wa kwanza si lazima ndiye anayeiweza kazi. Bombani aingie Tali, Legion au Kasumi. Kizuizi kishikwe na Jack au Samara, au Morinth kama ulimchagua yeye. Kuongoza kikosi cha pili, mara zote mbili, ni Garrus, Jacob au Miranda. Wote wawe waaminifu kwako, yaani misheni zao binafsi umezimaliza vizuri.

Wengi hawajui kuwa kosa la mmoja linamwua mwingine. Ukimpeleka Tali bombani, mwaminifu kabisa, halafu ukampa uongozi mtu asiyefaa, anayepigwa mlangoni ni Tali. Ukikosea wa kizuizi, wadudu wanamchukua mmoja wa wale wawili ulioandamana nao. Kwa hiyo kabla ya kulaumu mtu aliyekufa, angalia uliyemteua.

Nimefanya misheni zote za uaminifu, meli nimeikamilisha, na bado Mordin, mwanasayansi wa kikosi, anakufa. Ni hitilafu?

Si hitilafu. Hili nimeulizwa mara nyingi kuliko yote, na kila anayeuliza amefanya jambo lilelile: amewachukua wababe wake kwenda nao kwa bosi wa mwisho.

Wanaobaki nyuma kushikilia mlango wanapimwa. Kila mtu ana thamani ya ulinzi. Garrus, Grunt na Zaeed wana 4. Miranda, Jacob, Thane, Samara, Morinth na Legion wana 2. Jack, Kasumi, Tali na Mordin wana 1. Asiye mwaminifu anapunguziwa 1. Gemu inajumlisha, inagawa kwa idadi ya waliobaki, na wakiwa watano au zaidi wastani lazima ufike 2. Ukipungua, mtu anakufa, na foleni ya kufa inaanza na Mordin.

Tuchukue kikosi kamili cha 12, wote waaminifu. Umeondoka na Garrus na Grunt, na Zaeed umemtuma kuwasindikiza mabaharia uliowaokoa. Waliobaki ni tisa: wanne wa 1 na watano wa 2. Jumla ni 14, wastani haufiki 1.6. Mordin kwaheri. Sasa geuza. Mordin ndiye asindikize mabaharia, maana msindikizaji mwaminifu anafika salama na hahesabiwi mlangoni. Wewe nenda na Miranda na Legion. Waliobaki wanatoa 21 kwa watu tisa, zaidi ya 2.3. Hafi mtu.

Ukiwa na wapenzi wako wawili lazima, angalau wasiwe wote kutoka kundi la 4. Na usiende kwa bosi na asiye mwaminifu, huyo hatoki. Ukizembea kila hatua mpaka wakabaki chini ya wenzako wawili, Shepard mwenyewe anakosa wa kumvuta na anakufa, na faili hilo haliingii Mass Effect 3.

Na "meli nimeikamilisha" iwe kweli. Deraya ya meli inatoka kwa Jacob, ngao kwa Tali, mzinga wa Thanix kwa Garrus. Kila moja unayoiacha inachukua mtu kabla hata hujatua. Bila deraya, anayekwenda ni Jack.

Madini yananichosha. Lazima nichimbe kila sayari?

Si lazima, na waliochimba kila sayari ndio walioandika malalamiko marefu kuliko yote, wakiwa wamejitesa wenyewe. Nunua kwanza maboresho ya kichunguzi, kisha gusa zile tu zilizoandikwa kuwa tajiri. Sogeza duara polepole, kidhibiti kikitetemeka kwa nguvu na mstari ukipanda juu, tuma kifaa, hamia sayari nyingine. Usikwangue mabaki. Palladium na platinum ndizo za haraka kwa sababu meli inazihitaji. Element zero subiri, hasa kama hutumii baiotiki.

Kelly, mmoja wa mabaharia wangu, aliyeyuka ndani ya kapsuli mbele yangu. Ningefanyaje?

Ungekwenda. Mabaharia wakishatekwa, kila misheni unayoifanya pembeni inahesabiwa. Ukiondoka mara moja, unawakuta wote. Ukifanya moja hadi tatu, nusu wamekwisha, Kelly akiwemo. Ukizidisha, anabaki Dkt. Chakwas peke yake. Ni kati ya gemu chache ambazo neno "haraka" lina maana yake, na nalipenda kwa hilo, ingawa wachezaji waliozoea kuambiwa dunia inaisha huku wakivua samaki walikasirika.

Utaratibu salama: usiifanye misheni ya Reaper IFF mpaka umemaliza misheni za uaminifu za wote waliopo. Ukitoka huko, mwashe Legion, roboti utakayemkuta huko, papo hapo, ongea naye, fanya yake kabla ya kitu kingine chochote. Utekaji hauko mbali. Ukitokea, pitia lango la Omega-4 uingie misheni ya mwisho.

Jack na Miranda wamegombana na chaguo la kuwapatanisha limefifia.

Umekuwa ukichanganya Paragon (wema) na Renegade (ukatili). Mass Effect 2 haiangalii pointi zako tu, inazilinganisha na zile ulizoweza kupata mahali ulipopita. Mwema asubuhi na katili jioni anakosa pande zote mbili. Shika njia moja, na pandisha stadi ya asili ya darasa lako, ile isiyo na kitufe, kwa sababu nayo inaongeza ushawishi. Tali na Legion nao watagombana vivyo hivyo, kwa hiyo rekebisha mapema. Uliyempoteza anaweza kurudi ukipata pointi za kutosha na kumfuata chumbani kwake.

Nasema pia, ingawa hukuuliza: mfumo huu ni mbovu. Unamwadhibu mchezaji anayefikiri kila jambo kivyake na kumtuza anayebonyeza upande uleule miaka yote. Watu wakisema RPG ilipotea, wangeanzia hapa, si kwenye begi.

Adept, darasa la baiotiki, kwa ugumu wa juu kabisa wa Insanity haiwezekani. BioWare hawakuijaribu?

Inawezekana, ila umekuja na tabia za gemu ya kwanza. Zamani kila nguvu ilikuwa na muda wake wa kupoa, ungemrusha mtu, ukamwinua, ukamkandamiza, zote kwa mfululizo. Sasa zote zinapoa pamoja. Na kwa Insanity kila adui ana kinga, na mwenye kinga hainuliwi.

Kwa hiyo vua kwanza. Kizuizi na deraya ni kazi ya Warp, ngao ni kazi ya Overload, ambayo huna, kwa hiyo Miranda asikose. Wenye deraya wa Blood Pack, kundi la mamluki, waendee na Mordin na moto wake. Singularity itumie hata kwa wenye kinga: haitawainua lakini inawakwamisha wakiwa wazi. Kinga ikiisha, mtu akielea, mpige Warp, mlipuko unawachukua na jirani zake. Misheni ya Horizon ndiko wengi wanakokata tamaa, wakijibanza sehemu moja huku maiti za umeme zikiwafikia mgongoni. Rudi nyuma ukipiga, na wapige kabla hawajafika.

Mwenye darasa la Vanguard anayeuliza kwa nini anakufa kila akijirusha kwa adui kwa Charge, jibu ni kwamba anajirusha katikati ya watu sita.

Niruke ya kwanza nianze na ya pili?

Unaweza, lakini Wrex, mwenzako wa gemu ya kwanza, anaweza kuwa amekufa bila wewe kuulizwa. Waliokuwa na PlayStation 3 walipewa katuni fupi ya kuchagua maamuzi kwa sababu gemu ya kwanza hawakuwa nayo. Mwenye Legendary Edition anazo zote tatu, hana sababu.

Nimeona diski ya zamani iliyotumika. Ninunue?

Kumbuka nakala mpya zilikuja na namba ya Cerberus Network, huduma ya maudhui ya ziada, ya kutumika mara moja tu, na Zaeed alipitia hapo. Aliyenunua diski ya mkono wa pili ilibidi alipie namba nyingine. Ilikuwa mbinu ya EA, mchapishaji wa gemu, ya kumkamua mnunuzi wa vilivyotumika, na wachezaji waliichukia kwa haki. Ukiweza, chukua Legendary Edition, Zaeed na Kasumi wamo.

Conrad Verner, yule shabiki wa Shepard, anasema nilimwekea bunduki usoni. Sikumfanyia hivyo!

Hiyo sasa ndiyo hitilafu. Gemu ilisoma vibaya faili la kwanza, na Mass Effect 3 ikamfanya Conrad aombe radhi.

Mwisho wa Mass Effect 3...

Ulipata nyongeza ya bure Juni 2012. Niulizeni ya pili.